Herufi C ya Papa Ruben

Hakuna shofere wa Kalemie aliyependa sifa kama Papa Ruben na, tuseme ukweli, alizistahili. Barabara ya Nyunzu aliijua shimo kwa shimo. Kamio yake, lori kuukuu la mihogo, ilifika hata masika, wenzake wamekwama topeni. Na mazuti, mafuta ya injini, yalibaki! Kila mteremko alitoa vitesi, yaani gia, akaiacha kamio iserereke yenyewe, na Mama Célestine, mwenye kamio, akamsifu mbele za watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ndipo Mama Célestine akanunua kamio ya frigo, nyeupe pe, ya kupeleka samaki wa mikebuka Nyunzu bila kuoza. Mji mzima ulijua nani ataiendesha. Ruben mwenyewe alishanunua kofia mpya.

Kumbe mama anataka mwenye permi ya C, ile ya magari mazito, maana bila hiyo asiransi hailipi kitu kamio ikipinduka. Ruben alikuwa na B, ya gari ndogo, na maisha yake yote hakuna aliyemuuliza. Mwenye C alikuwa Wilfried. Wilfried! Yule utingo wake wa zamani, aliyeshikishwa usukani na Ruben mwenyewe, akaenda shule ya udereva kimyakimya, akapimwa macho, akajifunza alama za barabarani, akafaulu. Ufunguo akapewa yeye.

Basi wivu ukamla Ruben mzima mzima. Akisikia ile mashine ya baridi ikivuma karibu na soko, anaisukuma kando sahani ya ugali. Watu wakisema samaki wamefika wabichi, anasema ni baridi iliyofanya kazi, si shofere. Wakimsifu Wilfried kwamba hafungui mlango ovyo njiani baridi ikatoka, anacheka: huyo mwoga tu. Hata kanisani alimwombea pancha. Mkewe, Mama Evodie, akachoka kulisikia jina hilo, akamwambia aende akaitafute hiyo C au awaache watu wale ugali kwa amani.

Akaenda. Macho yakapita, maswali yakapita kwa shida. Siku ya kuendesha, mtahini, Madame Fortunée, akaketi pembeni yake katika kamio iliyojaa mchanga. Ruben akapanda kilima vizuri, akakata kona vizuri, moyo ukamjaa. Walipofika mteremko unaoelekea mto Lukuga akataka amuonyeshe ufundi wenyewe. Akatoa vitesi.

Kamio ikashika mbio. Madame Fortunée akamwamuru asimame, na iliposimama breki zilikuwa zinanuka moshi. Akamweleza bila ukali kwamba gari zito lisiposhikwa na injini, breki huchoka, na chini ya kilima kuna watu. Amefeli. Ajizoeze pembeni ya mwenye C, ajifunze kushuka, kisha arudi. Kushuka! Yeye!

Alimkuta Wilfried akiosha frigo.

"Nimekuonea kijicho, Wilfried," akasema. "Hata sasa kinaniuma. Hii kamio naitaka. Unifundishe kushuka."

Wilfried akaacha kuosha. "Ukipata C, Papa, Mama atakupa wewe."

"Najua."

Kijana akakikamua kitambaa mpaka tone la mwisho. Mwisho akafungua mlango wa upande wa pili.

Kileleni pa mteremko ule ule Wilfried akaingiza vitesi ndogo. Injini ikanguruma, kamio ikashuka polepole. Ruben hakuondoa macho kwenye mikono ya kijana, akitafuta kosa, hata dogo, alipate, apumue. Hakulipata.

"Hii ulijifunza wapi?" akauliza. "Shuleni?"

"Shuleni walinipa jina lake tu." Wilfried hakugeuka. "Nilijifunza pembeni yako, Papa. Kila ulipotoa vitesi, nilikuwa nasali nirudi nyumbani muzima."

Ruben akaikunja permi yake ya B mkononi. Kwa mara ya kwanza hakumwonea kijicho yule mutoto. Alijionea aibu, na kijicho kilikuwa afadhali.