Cheti cha London hakijamtuliza mwotesha miche wa Magamba

Ukungu bado umelalia kitalu cha miche cha Magamba, juu ya mji wa Lushoto, na Kuluthumu Singano keshachuchumaa kazini. Anachota udongo mweusi kwa kikopo, anajaza kiriba, kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, anakigonga chini, anachukua kingine. Leo anajaza kupita kiasi. Kiriba kinampasukia mapajani.

"Weye, viriba vya serikali hivyo!" anamkemea Rehema, mwenzake wa tuta la pili. "Hiyo mitihani yako iache nyumbani."

Wanawake wanacheka. Kuluthumu hacheki.

Ana umri wa miaka ishirini na sita. Alimaliza kidato cha nne Kifungilo, lakini nafasi za kidato cha tano zilikuwa za kuhesabu na yeye hakupata. Idara ya misitu ikampa kibarua, kisha kazi ya kudumu. Mchana alikuwa akiotesha miche. Jioni alikuwa akisoma kwa posta masomo yaliyotoka Uingereza. Ada ya mtihani peke yake ilimeza mishahara ya miezi miwili.

"Nyama tuliisikia harufu yake kwa jirani," anasema.

Mwezi Juni mwaka huu wa 1975 aliteremka Mombo, akapanda basi hadi Tanga, akafanya mtihani wa London wa daraja la juu. Majibu yakaja: biolojia amefaulu, jiografia amefaulu. Anataka kwenda Morogoro kusomea misitu katika chuo kikuu.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika.

Mtu mzima aliye kazini, akitaka kuingia chuo kikuu, hupimwa kwa mtihani wa watu wa kazini. Kuluthumu aliambiwa kwamba mwenye cheti cha London anaweza kukitumia badala ya mtihani huo. Kuweza si kupata, lakini nyumbani kwao hawakungoja. Baba yake, Mzee Rajabu Singano, mkulima wa viazi na balozi wa nyumba kumi, alichinja mbuzi, akaita majirani, na dua ya shukrani ikasomwa.

Kwa wazee wa kijiji hiki, jambo lililosomewa shukrani limefungwa. Mtu harudi kuliomba tena, kama asivyorudi kumposa mke aliyekwisha kumwoa.

Wiki mbili baada ya sherehe, Bwana Miti wao, ofisa wa misitu Rubeni Hoza, alirudi kutoka mkutanoni Tanga, akamwita Kuluthumu pembeni.

"Dada, habari ya London imekuwa nzito. Wakubwa wanabishana. Wengine wanasema elimu ni elimu. Wengine wanauliza, mpaka lini tutapimwa kwa mizani ya Mwingereza, na sisi tumekwisha kujitawala?"

"Wataamua lini?"

"Nani ajuaye? Ila kuandikisha majina ya mtihani wa hapa kunafungwa Jumamosi. Ningekuwa mimi, ningejiandikisha. Wakubwa wakiikubali London, hujapoteza kitu. Wakiikataa, na jina lako halimo kwenye mtihani wa hapa, basi tena."

Kujiandikisha kunataka mtu asemewe na tawi la chama. Tawi nalo halimsikilizi mtu kabla balozi wake hajasimama. Na balozi wa Kuluthumu ni baba yake.

Jioni ile alimkuta mzee akisafisha jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Akamweleza. Mzee akaliweka jembe chini.

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme nini? Kwamba mbuzi wangu kaliwa bure?"

"Useme nahitaji mtihani, baba."

"Mungu nimeshamshukuru, Kuluthumu. Nimrudie nimwambie samahani, bado?"

Akaingia ndani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuluthumu anaikumbuka jioni ile. "Nilimwogopa baba kuliko mtihani. Na bila yeye, huo mtihani wenyewe sina."

Rehema alimshauri aende kwa balozi wa nyumba kumi nyingine, mtu mpole asiyeuliza sana. Kuluthumu alikataa. "Kumruka baba yangu ni kumvua nguo hadharani," alimwambia.

Alhamisi tawi lilikutana. Zikasemwa habari za mbolea, zikasemwa za barabara. Mwenyekiti akauliza kama kuna jambo jingine. Kuluthumu alikuwa nyuma pamoja na wanawake, macho chini, vidole vikisokota pindo la khanga. Mwenyekiti akaanza kukusanya vitu vyake.

Mzee Rajabu akasimama.

"Ndugu zangu, nilishukuru mapema. Kosa ni langu, si la mtoto. Anahitaji mtihani wa hapa kwetu, na mimi balozi wake namsemea."

"Na yule mbuzi, mzee?" sauti ikauliza kutoka dirishani, na watu wakaangua kicheko.

"Mbuzi mlimla ninyi, mnajua aliko. Sasa nyosheni mikono."

Mikono ikanyoshwa. Kesho yake, Ijumaa, jina la Kuluthumu likafika ofisini Lushoto.

Lakini utulivu haujafika. Habari ya London bado haijaamuliwa, na hakuna anayeweza kumwambia itaamuliwa lini. Mtihani wa hapa utafanyika Januari, Tanga. Kila mchana, wenzake wakila, yeye hukaa kwenye banda la mbegu na Rehema humuuliza maswali ya siasa na kilimo, akimcheka anapokosea. Akipata nafasi atakwenda Morogoro, na akimaliza anataka kurudi Magamba, apande upya mikulo, miti mikubwa ya asili ya milima hii, iliyokatwa na wapasua mbao.

Anakung'uta udongo mikononi kabla ya kuendelea.

"London waliniuliza habari za miti ya kwao. Ningeshindwa, ningesema sijawahi kuiona," anasema. "Hawa wa hapa wakiniuliza mkulo, ambao nauotesha kila siku, nikakosa, nitamwambia nini baba?"