Tawi la Mtondoro

Asubuhi ile nilikuwa napepeta mchele uani, mama mkwe akinisema kwamba nusu naimwaga. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga tu, lakini makosa yangu aliyasikia yote. Mume wangu, Saidi, alikuwa huku Dar es Salaam akibeba mizigo Kurasini. Mimi nilibaki kijijini kwetu, kusini ya mto Ruvuma, na mtoto wa siku arobaini na bibi huyo mkali. Adhuhuri wakaingia watu wenye bunduki. Tulikimbia na sufuria, panga na unga kidogo.

Tulijificha porini wiki tatu. Usiku moto ungeonekana, mchana moshi ungeonekana. Kwa hiyo tulipika jua la utosini, kwa kuni ngumu zilizokauka vizuri na kubanduliwa magome, maana gome ndilo linalofuka. Kuacha kupika hatukuweza: maji ya dimbwi yalitaka kuchemshwa, na bila uji maziwa yangu yangekauka.

Kilikuwa kiangazi, miti imepukutisha, nami niliijua kwa majani tu. Mama akanifundisha upya. Nilimletea vijiti, akavipapasa kimoja kimoja. Gome lenye vinundu vya miiba, mkambala. Vitawi vifupi vilivyochongoka mwishoni, mpingo.

"Usidanganyike na mti mtupu," alisema. "Papasa vichipukizi. Vikiwa vimejaa, mti u hai, una maji. Uache."

Nilimwona msumbufu. Leo naona aibu kuandika hivyo.

Siku moja nilichoka. Karibu yetu palikuwa na tawi la mtondoro lisilo na jani hata moja. Nikalikata, nikalisukuma motoni bila kumpa alipapase.

Alinusa kabla sijaona.

"Umeweka nini?"

Moshi mweupe ulikuwa umeshapita vilele vya miti.

"Chukua mtoto, ingia kichakani."

Akauvuruga moto kwa mikono yake na kuufukia mchanga.

Nililala kifudifudi, ziwa kinywani mwa mtoto. Walikuja watatu.

"Bibi, uko na nani?"

"Peke yangu. Wenzangu wamenikimbia."

"Kipofu anaokotaje kuni?"

"Nipeni kijiti chochote, niwatajie mti wake."

Mmoja akampa kijiti. Akakipapasa. "Mkambala." Wakampa kingine. "Mpingo." Wakacheka, wakaendelea kumjaribu, wakisahau kutazama vichakani. Mwisho wakampa lile tawi langu, nusu limeungua. Alilishika muda mrefu.

"Mtondoro," alisema. "Mbichi. Hapa nimekosea, wanangu. Uzee huu."

Walichukua unga wote, wakaondoka.

Nilipotoka, viganja vyake vilikuwa vimevimba malengelenge. Nikaanza kulia na kumwomba radhi. Akanikatiza: mtoto kalia? Hajalia. Basi, twende.

Wakimbizi wenzetu tuliokutana nao njiani walimwuliza mikono imepatwa na nini. Aliwajibu kuwa alipapasa vibaya, akatia mti mbichi motoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikaendelea kumnyonyesha mtoto. Siku mbili kabla ya kuufikia mto, homa ikamchukua. Tulimzika haraka, kaburi fupi, na sina hakika kama leo ningelipata.

Sasa tunakaa Mbagala, huku Temeke. Mtoto yule anaingia sekondari, ana mdomo mkali, namshukuru Mungu kwa kila neno analonijibu. Nina nyumba ya vyumba viwili, mume, na majirani wa kuniamsha nikiumwa. Yote hayo nimeyapata kwa mikono ya mama yule, na namshukuru kila ninapowasha jiko. Kila mwaka tunamsomea dua, na kila mwaka ndugu husimulia kisa walichokisikia kwa wakimbizi wale, cha bibi aliyejua miti yote, akakosea mmoja. Hucheka kwa mapenzi. Nami nilikuwa nikiinama na kugawa pilau.

Mwaka huu, wageni walipoondoka, nilimfuata Saidi uani alikokuwa akikunja majamvi.

"Baba Zuhura, lile tawi nililikata mie."

Hakuacha kukunja.

"Nilijua tangu siku mliyofika," alisema. "Mama yangu akosee mti? Hebu nishikie hapa."

Nikashika upande wangu wa jamvi. Miaka yote alikuwa amekaa pale na ndugu zake, akisikiliza mama yake akitajwa kwa kosa langu, na hakumsahihisha mtu.