Mshahara wa Kwenda Relini na Kurudi

Tulipokuwa wadogo pale Kilosa, hakuna mtoto aliyekwenda kwa fundi baiskeli kutafuta hela. Tulifuata kuzijaribu baiskeli zenyewe.

Kibanda cha Baba Mdogo Shomari, mdogo wake baba yangu, kilikuwa cha mabati, karibu na soko, kinanuka grisi na gundi ya viraka. Nilianza kushinda pale Jumamosi na likizo nikiwa darasa la sita. Posho yangu ilikuwa vitumbua viwili na chai ya tangawizi, pamoja na mikono ambayo sabuni haikuiweza. Bibi alilalamika kwamba hakuna mwanaume atakayeoa mikono ile. Alipatikana, na gari lake likipata pancha ananiita mimi.

Malipo yenyewe yalitokana na sheria ya Baba Mdogo: baiskeli haimrudii mwenyewe mpaka fundi aipande kwanza, hadi relini na kurudi. "Usimkabidhi mtu chombo ambacho wewe unakiogopa," alisema kila siku. Nyumbani hatukuwa na baiskeli, kwa hiyo baiskeli za wilaya nzima zilikuwa zangu, kwa dakika kumi kumi.

Ukutani ilining'inia fremu kuukuu ya bluu. Aliniahidi kwamba siku nitakayonyoosha ringi peke yangu, nitaiunda iwe baiskeli yangu ya kwendea sekondari. Shule ilikuwa mbali, na binti wa jirani yetu alikuwa ameshaiacha kwa sababu ya mwendo huohuo. Niliiogopa sana njia ile, na fremu niliitazama kila nilipoingia.

Lakini tamaa nayo! Niligundua kwamba ukilegeza spoku kidogo gurudumu linacheza, nawe una haki ya kusema, "Bado, ngoja nijaribu tena." Jumamosi moja Baba Mdogo alikwenda msibani akaniachia kibanda. Akaja Mzee Masanja, mkulima wa mpunga kutoka Tindiga, na tenga la kuku kwenye keria, anawahi gulio kabla halijaisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifanyie haraka. Kuku hawa ndiyo sare za watoto."

Kazi ya kuziba pancha niliimaliza mapema. Nikaenda relini. Nikalegeza spoku, nikaenda tena. Niliporudi mara ya nne gulio lilikuwa limekwisha, mzee bado yuko kwenye benchi na kuku wake, na Baba Mdogo amesimama mlangoni. Alizishika spoku moja moja, akaniangalia.

"Umelegeza makusudi?"

Nikaitikia huku nalia.

"Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Mzee Masanja akasema, "Kumbe ulitaka kuendesha tu. Haya, endesha." Akalifunga tenga kwenye keria. "Ukauze nyumba kwa nyumba."

"Na gurudumu libaki hivyohivyo," akaongeza Baba Mdogo.

Kuku saba! Gurudumu linayumba, kuku wanapiga kelele, watoto wananikimbilia nyuma wakicheka. Baada ya nyumba tatu spoku nyingine nazo zikaanza kulegea, ringi likawa linasugua uma. Nikashusha tenga, nikaazima koleo kwa fundi viatu, nikapindua baiskeli palepale barabarani. Nilikaza spoku moja moja nikizigonga nisikie mlio, kama nilivyomwona Baba Mdogo akifanya. Nilifanya taratibu, kwa mara ya kwanza bila kuwaza relini. Mpaka gurudumu likazunguka limenyooka.

Kuku wa mwisho alinunuliwa na mama mmoja aliyenihurumia. Nilimkabidhi Mzee Masanja hela zake kwa mikono miwili, nikamwomba radhi. Baba Mdogo alilizungusha gurudumu, kisha akapanda kiti akaitoa fremu ukutani. Nilidhani anamgawia mtu mwingine. Akaiweka miguuni kwangu.

"Anza na uma," akasema.

Nilisoma sekondari miaka minne juu ya fremu ile.

Sasa naishi Mikumi. Mwanangu akisikia habari hizi anasema, "Mama, bila mshahara? Mlitumikishwa!" Yeye huyo simu inamhesabia hatua ili ajue kama ametembea. Simlaumu. Hajawahi kupewa baiskeli ya mtu kwa dakika kumi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa. Pale kibandani wanauza makava ya simu. Baba Mdogo amebaki nyumbani, haoni vizuri, mikono inatetemeka, na baiskeli yake imeegemezwa ukutani, gurudumu limepinda. Nikavua kitenge cha begani nikalinyoosha. Alisikiliza mlio wa spoku hadi mwisho.

"Jaribu kwanza," akasema.

Nikaenda relini na kurudi. Gurudumu halikucheza hata kidogo. Nilisimama mbele yake nahema, mtu mzima na miwani yangu.

"Bado linacheza, Baba Mdogo. Ngoja nijaribu tena."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Nenda," akasema. "Nenda, mwanangu."