Kitunguu Chini ya Kitanda

Jamani, mama mkwe wangu nilimwita mchawi mchana kweupe, tena kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Someni mpaka mwisho, matusi mtanipa baadaye.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya mbili kuharibika. Kwa hiyo wasiwasi wangu msiushangae.

Mume wangu, dereva wa lori, kabla hajasafiri alimleta mama yake aje kunisaidia. Akamwita na fundi rangi mmoja, tunamwita Brashi, atupakie chumba cha kulala rangi ya mafuta. Mtoto akija akute kunang'aa.

Brashi alipomaliza akanipigia simu. Mimi niko kazini, cherehani tatu zinanguruma kwa pamoja. Nikamsikia hivi: chumba tayari, ila kiache kipumzike siku tano.

Sawa. Nikarudi nyumbani, nikafunga madirisha, nikafunga mlango, funguo mfukoni. Kitu kikipumzika si hakisumbuliwi? Siku tano nikalala sebuleni.

Siku ya sita nikahamia. Kulipokucha kichwa kinagonga, macho yanawasha, natapika mpaka nyongo.

Nikasema mimba hiyo. Lakini nikikaa kazini saa mbili tatu, mzima kabisa. Nikilala nyumbani, asubuhi yale yale.

Shoga yangu wa meza ya pili akasimamisha cherehani.

"Nyumbani nani anakupikia?"

"Mama mkwe."

"Haya."

Akaendelea kushona. Hiyo "haya" yake ilinikaa moyoni kutwa nzima.

Nikaanza kuchunguza. Kila jioni mama mkwe ananiletea maziwa ya moto, anasimama mlangoni mpaka nimalize. Kwa nini asimame? Na kila nikitoka kuoga asubuhi nakuta kafungua dirisha langu, na nje baridi. Nafunga. Kesho kafungua tena.

"Mama, baridi hii itaniua."

"Humu hamna hewa, mwanangu."

Hewa! Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Nikampigia mume wangu. "Mama yako ana nini na mimi?"

"Mama? Mbona anakupenda kuliko anavyonipenda mimi!"

Nikamkatia simu. Mtoto wa kiume kwa mama yake haoni wala hasikii.

Siku tatu mfululizo maziwa nikayamwaga chooni. Bado nikaamka mgonjwa. Mwenye akili zake angesema, basi si maziwa. Mimi nikasema, kumbe kuna na kingine!

Jumamosi nikainama na tumbo langu, nikamulika chini ya kitanda.

Sahani. Ndani yake kitunguu kimekatwa vipande vinne, kinaelea kwenye maji.

Na tangu asubuhi mtoto alikuwa hajacheza tumboni.

Nikatoka nayo mbio mpaka jikoni. "Kumbe ni wewe! Zile mbili za mwanzo ulizimaliza wewe, na hii unaitaka? Mchawi mkubwa!"

Kijiko kikamdondoka. "Mwanangu, hicho ni cha kuvuta harufu ya rangi..."

"Usiniite mwanangu!"

Akaniacha pale jikoni. Akaingia kufunga begi lake.

Hapo hapo hodi. Brashi, kafuata ngazi aliyoisahau chumbani. Akafungua mlango wa chumba, akarudi kinyumenyume kaziba pua, akanigeukia mimi.

"Mama, nani kafunga madirisha?"

"Si wewe ulisema kipumzike?"

"Kipumzike? Nilisema kipumue! Kipumue, mama! Madirisha wazi kutwa kucha. Rangi ya mafuta hata ikikauka ukutani bado inatoa mvuke. Na umelala humu na tumbo hilo?"

"Na kitunguu?"

"Kitunguu kinakufichia harufu tu, mvuke unabaki pale pale. Ila aliyekiweka alishaona kuna tatizo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Chumba nilikiziba mimi. Dirisha kila siku nilifunga mimi, kwa mkono wangu.

Mama mkwe alitoka na begi begani. Akalitua chini, akanishika mkono.

"Maneno baadaye. Twende hospitali."

Nesi akaweka mashine tumboni. Akatafuta huku, akatafuta kule. Mama mkwe hakuuachia mkono wangu.

Kisha tukasikia mapigo. Tu-tu-tu-tu. Nililia kama mtoto mdogo. Nesi akanikanya nisikanyage chumba kile mpaka kipigwe na upepo vya kutosha na harufu iishe kabisa.

Binti alizaliwa mzima, tena mwenye kelele. Mama mkwe nilimwomba radhi, akasema yameisha. Hata mwanawe hajamwambia mpaka leo.

Lakini akija kwangu, kabla hajanipa kikombe chochote, anakunywa kwanza funda moja mbele yangu. Halafu ndipo ananipa. Hanuni. Nami napokea, nakunywa.

Ndugu zangu, mkipaka rangi chumba fungueni madirisha, mkalale kwingine, na fundi akisema kitu mwambieni arudie. Harufu ya rangi ilitoka kwangu baada ya wiki tatu. Lile neno nililomwita mama wa watu, nimefungua kila dirisha, halijatoka.