Ulezi wa Mama Mkwe

Mteja wangu kutoka Namanyere hakunigombeza. Alikuja kwenye meza yangu ya mbegu pale sokoni Sumbawanga, akafungua kitambaa na kuniwekea mbele masuke mawili ya ulezi. Moja lilikuwa limejikunja kama ngumi, la pili limetanua vidole.

"Yote yametoka kwenye mbegu uliyoniuzia," alisema. "Shamba zima liko hivi. Mama, umenichanganyia?"

Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Ulezi wa kujikunja ni wa mama mkwe wangu. Enzi zake aliuchagua mwenyewe shambani, suke kwa suke, akautunza kwenye vibuyu juu ya jiko. Alipofariki, shamba na mbegu vilibaki kwa binti yake, wifi yangu, kule Msanzi. Yeye analima, mimi nauza mjini. Hakuna mkono mwingine unaopita katikati.

Nikaanza kukumbuka mambo. Kabla ya mvua wifi alileta mzigo mapema kuliko kawaida yake, akaushusha mlangoni na kukataa hata chai. Punje zilikuwa nyekundu zilezile, nami sikuangalia zaidi. Nilipomweleza mume wangu, alisema dada yake hawezi kufanya hivyo. Tangu hapo, kila walipoongea Kifipa kwenye simu, nilipunguza sauti ya redio.

Siku chache baadaye nilipanda basi kwenda Msanzi bila kumpigia. Nilimkuta uani akipepeta ulezi mpya.

"Wifi, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kuona mbegu."

Alinikaribisha sebuleni, mimi nikapitiliza jikoni. Vibuyu vilikuwa pale juu, midomo imezibwa kwa samadi. Nilishusha kimoja. Kilikuwa kizito. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Hiyo ndiyo ya mama," alisema.

"Na ile uliyoniletea?"

"Niliinunua gulioni."

Alisema bila kuinamisha macho. Nilimuuliza kwa nini.

"Niliambiwa kuna watu wa gari wanakuja mezani kwako, wanatafuta mbegu za zamani. Nikaona utawauzia mpaka punje ya mwisho. Kesho tununue ulezi wa mama yangu kwenye pakiti."

"Walikuja, wakaulizia ulezi unakotoka. Niliwaambia sijui. Nani alikwambia?"

"Watu."

Nilimwapia kwamba sikuwapa kitu. Alinitazama usoni, akachukua kibuyu mikononi mwangu na kukirudisha mahali pake. Sikujua kama ameniamini. Tulikula ugali, na jioni alinifungia ulezi wa kibuyu kingine ili nimfidie yule mteja. Ndani ya basi niliwapitia kichwani majirani zangu wote wa sokoni, nikijiuliza ni yupi anayehesabu wageni wangu.

Mteja alipokea mbegu mpya, akaimwaga kiganjani na kuigeuzageuza kwa kidole. Alishukuru, lakini msimu uliofuata hakurudi kwangu.

Wifi bado ananiletea mzigo, na sasa anakaa, anakunywa chai. Akishaondoka, natoa konzi moja naipanda nyuma ya nyumba na kuimwagilia, nione masuke yake kabla ya kuuza. Sijamwambia. Naye huko Msanzi ameweka kufuli kwenye mlango wa jiko, na sijamuuliza.