Bukari ya Mechi ya Mwisho

Msimu ule wote, kutoka mwezi wa nane mpaka wa tano, sikutazama mechi hata moja nikiwa nimekaa. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, mlango wazi, nikisikiliza televisheni ya sebuleni na moyo juu juu. Mdogo wangu alikuwa winga wa klabu moja hapa Ubelgiji, upande wa Waflamandi, na contrat yake, mkataba wa kucheza, ilikuwa inaisha mwezi wa sita. Asipocheza, hakuna klabu nyingine itakayomwangalia, na atarudi Lubumbashi mikono mitupu. Ni mimi niliyemlea tangu mama yetu afariki. Ni mimi niliyemwambia papa, baba yetu, amtume huku.

Bukari ndiyo iliyonituliza mikono. Kwetu Katanga tunasema bukari. Wengine wanaiita ugali, shauri yao. Mama alinifundisha sheria moja: ukishamimina unga huachi mwiko, hata mgeni abishe hodi, hata mtoto alie. Ukiacha, inashika chini, inaungua, na nyumba nzima inajua wewe ni mwanamke wa namna gani. Basi kila mechi, kipindi cha pili kikianza, nilimimina unga. Nikimaliza kusonga, nilimwekea mdogo wangu sahani nikaifunika, ili akishuka kwenye treni na kufika kwetu Ganshoren aikute. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku nitakayoacha kupika ndiyo atakayovunjika goti. Mkristo mzima mimi, mwimbaji wa kwaya, na imani za namna hiyo.

Mume wangu alikuwa shabiki wa timu moja ya hapa Brussels, na ulimi wake hauna breki. Timu yake ilitolewa kwenye mashindano ya Ulaya mapema, hata majani hayajaanza kuanguka, nikamcheka wiki nzima. Akalipiza. Akasema shemeji yake ni fundi wa kupasha misuli moto. Na kweli, ndivyo ilivyokuwa: kijana anakimbia kandokando ya uwanja na training yake, ile suti ya mazoezi, anaruka, anajinyoosha, kocha anamtazama, kisha anaita mwingine. Suti ile niliichukia kama mtu. Alhamisi Ulaya, Jumapili ligi, Alhamisi tena Ulaya, na yeye hajaivua.

Asubuhi nilikuwa nasafisha ofisi pale Schuman. Mlinzi wa mlangoni, papa mmoja wa Bukavu, kila Ijumaa aliniuliza kama mtoto ameingia. Alikuwa mtu mwema, hakuwa na ubaya wowote. Nikaanza kupita mlango wa nyuma.

Kisha likaja la mbuzi. Mwezi wa kumi na moja klabu yake ilikuwa na mechi ya Ulaya ugenini, na jina la mdogo wangu likatangazwa kwenye kikosi. Nilikimbia kununua kadi ya simu, nikampigia papa Lubumbashi, nikamwambia mtoto yuko kwa kikosi. Hapo ndipo tulipokosea, maana sisi watu wa kwetu hatujui kungoja. Kwa papa, kuwa kwa kikosi ni kucheza. Alichinja mbuzi mchana, kabla mpira haujaguswa, akakodi televisheni yenye antena ya satelaiti, akaita avenue nzima, mtaa wetu wote. Avenue nzima ikala, ikashiba, ikamtazama mtoto wetu amekaa kwenye benchi na blanketi magotini mpaka filimbi ya mwisho.

Kesho yake papa alinipigia mwenyewe. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema watu wanamuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Alisema mbuzi mwingine hatachinja mpaka mimi, kwa mdomo wangu, nimwambie kwamba nimemwona akicheza kwa macho yangu. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakutaka tena simu ya papa. Ikilia tu, yeye huyo anaenda kuoga.

Theluji ikaja. Timu za Ubelgiji zikatolewa Ulaya moja baada ya nyingine, na ya mdogo wangu nayo ikatoka, ikabaki ligi tu. Alikuja Jumapili, akala, akalala kwenye sofa na viatu vyake. Nikimuuliza kocha anasema nini, ananijibu, "Ça va, yaya." Yaya ni mimi, dada mkubwa. Hiyo ça va, ati mambo sawa, ilinichoma kuliko tusi. Nilikasirika na kocha, nikakasirika na mvua, na mume wangu, na Mungu pia, kidogo.

Mechi ya mwisho ya ligi ilichezwa Jumapili mchana, jua limetoka. Klabu yake ilikuwa imeshapata nafasi ya Ulaya kwa mwaka unaofuata, haikuwa na cha kupoteza. Nilimimina unga. Bukari ilikuwa inaanza kushikana niliposikia mume wangu amenyamaza, na yule bwana hanyamazi. Kisha akaniita polepole.

"Kuya huku. Anatoa training."

Niliacha mwiko.

Nilifika sebuleni na unga mpaka kwenye viwiko. Aliingia akikimbia, soksi zimevutwa juu kama za mtoto wa shule. Aligusa mpira, akaupoteza, akaupata tena, akampita beki, akapiga krosi iliyowapita wote ikatoka nje. Nilipiga kelele kama amefunga. Mume wangu, yule aliyecheka msimu mzima, alinishika mabega, na macho yake yalikuwa na machozi. Harufu ya kuungua ikatufikia. Hakuna aliyesogea.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Nilimpokea kwenye korido nikicheza, sufuria mkononi, bukari nyeusi ndani yake, nikamwambia ni yeye aliyeiunguza. Alitabasamu kidogo. Akakaa mezani, akachukua kijiko, akaanza kukwangua ukoko, kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Yaya," akasema, "kocha aliniambia tangu vendredi. Contrat haiendelee tena. Leo aliniingiza juu ya kuniaga."

Hapo nilikaa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hiyo Ijumaa. Alijibu kwamba alitaka nimwone akicheza mara moja, nikiwa na furaha.

Simu ikalia. Mume wangu, kwa furaha yake, alikuwa ameshapiga Lubumbashi nilipokuwa nacheza kwenye korido. Alikuwa papa, na nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi. Mdogo wangu hakwenda kuoga safari hii. Alinitazama, kijiko hewani, akatikisa kichwa: si leo.

"Ulimuona?" papa akauliza. "Na macho yako?"

"Nilimuona, papa."

"Alikimbia?"

"Alikimbia sana."

Nikasikia anageuka, anawaambia watu wake wamlete mbuzi.