Moyo wa Fundi Ilunga

Siku yangu ya kwanza ya kazi, agent sanitaire, mzungu aliyesimamia chumba cha wagonjwa gerezani, alinivalisha blouse, koti jeupe la wauguzi lililonifika miguuni, akanipa stethoscope. Nilikuwa nimetoka tu shule ya wauguzi, nikadhani nimeitwa kuponya watu.

"Wewe utasikia moyo tu," akaniambia. "Mambo ingine haiko kazi yako."

Ninyi wauguzi vijana wa Lubumbashi, mliozoea mashini, mtaona nawatania. Wakoloni walitaka moyo wa mfungwa usikilizwe kabla hajapigwa fimbo. Kwenye fiche, yaani karatasi yake, niliandika neno moja: apte, anaweza kupigwa, au inapte, hawezi. Docteur, mkubwa wetu, alipitia fiche zangu, akasikiliza tena wale aliowatilia shaka. Miezi ya kwanza niliandika tu, nikijiambia kwamba mkono unaopiga si wangu.

Asubuhi moja wakamleta Baba Ilunga, fundi wa reli, mtu wa umri wa baba yangu. Kosa lake ni kukataa kuvua kofia mbele ya mkubwa wa stesheni. Nikamsikiliza. Moyo wake ulikuwa na nguvu, ukipiga polepole. Uliokuwa ukikimbia ni wangu. Nikashika kalamu niandike inapte. Akaiona herufi ya kwanza, maana alijua kusoma.

"Mutoto wangu, hapana. Moyo yangu iko muzima. Andika vile iko."

"Baba, batakupiga."

"Najua. Lakini Docteur atasikia moyo yangu nyuma yako, atajua ulisema bongo, ulidanganya. Kesho batakuletea mugonjwa wa kweli. Ule utamukinga na nini, kama neno yako haina nguvu tena?"

Nikafuta, nikaandika apte. Kutoka uani nilisikia fimbo. Sauti yake sikuisikia hata mara moja.

Wiki ileile wakaleta mwanamume aliyehema kwa shida, moyo wake ukirukaruka mapigo. Agent sanitaire akasema anajifanya. Nikaandika inapte. Docteur akaisoma fiche, akamgeukia agent sanitaire.

"Huyu infirmier hasemake bongo. Mumupeleke mugonjwa ku hospitali."

Nilitoka nje nikalia. Nimewahi kusimama mbele ya maaskofu na maprofesa, lakini heshima ya kutetemesha mwili niliijua kwa yule fundi.

Baada ya uhuru nilihamishiwa dispensaire, yaani zahanati, ya Naviundu, chini ya médecin-chef, daktari mkuu mmoja mkali sana, hadi pensheni. Nilisikiliza mioyo ya watoto na ya akina mama wajawazito, nikaipenda kazi yangu.

Wajukuu hunisifu kwamba nilimtii mzee. Sijawahi kuwaambia yaliyobaki. Baba Ilunga alipoukataa uongo wangu, nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba sitagombana na mzungu. Naye, akiwa kifua wazi mbele yangu, aliisikia pumzi ile, akaniwekea mkono begani.